Shavu, Kisogo na Mshipa wa Bawa: Namna ya Kuwatenganisha Nzi Wanaofanana

Mwanzoni mwa karne ya 20, wafugaji wa kusini mwa Marekani walikuwa wakishauriwa kuchoma au kuzika mizoga ya ng'ombe. Shabaha ilikuwa kumkomesha nzi ambaye funza wake hupenya kwenye vidonda vya mifugo na kuwala wanyama wakiwa bado hai. Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Nzi mwenye mwili wa bluu-kijani na milia mitatu myeusi mgongoni alikuwa akionekana kwenye vidonda, na nzi wa sura hiyohiyo alikuwa amejaa kwenye mizoga. Ikaonekana wazi kwamba anazaliana mzogani. Mizoga ikachomwa, na vidonda vikaendelea kujaa funza.

Jibu lilipatikana mwaka 1933, pale Emory Cushing na Walter Patton walipoonyesha kwamba huyo nzi ni wawili. Mmoja, Cochliomyia macellaria, hutaga kwenye mizoga, na akija kwenye kidonda huja baada ya wenzake kukiharibu. Wa pili, ambaye leo tunamwita Cochliomyia hominivorax, hutaga kwenye kidonda cha mnyama aliye hai, na funza wake wanakula nyama yenye uhai. Mzoga haumhusu. Huyu wa pili alikwisha kupewa jina tangu 1858 na Charles Coquerel, daktari Mfaransa, kutokana na mgonjwa wa Guiana ya Ufaransa, lakini kwa miongo mingi alikuwa akichanganywa na ndugu yake.

Waweke wote wawili mezani, mmoja kando ya mwingine, na kwa macho matupu hutaona kitu cha kuwatenganisha. Chini ya hadubini mambo yanabadilika. Tazama paji la uso, pembeni mwa jicho. Kuna safu ya nywele ngumu, na nje ya safu hiyo kuna vinyweleo vidogo: hominivorax anavyo vyeusi, macellaria anavyo vya rangi hafifu ya manjano. Ncha ya tumbo la macellaria ina mabaka mawili ya vumbi la fedha, moja kila upande. Kwa mwenzake mabaka hayo hayajitokezi. Funza nao wanajitambulisha. Mirija miwili ya hewa inayopita mgongoni mwa funza mkubwa wa hominivorax ina weusi unaoanzia nyuma na kupita pingili kadhaa kuelekea mbele. Huo weusi unaonekana kupitia ngozi, hata bila kumpasua.

Vinyweleo hivyo vilibeba mengi. Baadaye Edward Knipling na Raymond Bushland walibuni mbinu ya kuzalisha madume kwa wingi, kuyafanya tasa kwa mionzi na kuyaachia yapandane na majike ya porini. Mbinu hiyo inawezekana tu iwapo nzi wa porini ni wachache kiasi cha kuzidiwa idadi, na hominivorax kweli ni wachache. Angeendelea kuhesabiwa pamoja na macellaria, ambaye huzagaa kwa wingi mno, hakuna mtu ambaye angethubutu kujaribu. Jaribio la kisiwa cha Curaçao la mwaka 1954 lilifaulu. Nzi huyo akaondolewa Marekani, Mexico na Amerika ya Kati hadi Panama, na alipoingia Libya mwishoni mwa miaka ya 1980 akafagiliwa kwa njia hiyohiyo. Tangu 2023 amerudi kwa kasi Amerika ya Kati, na mwishoni mwa 2024 akaingia tena Mexico, kwa hiyo wakaguzi wa mifugo wamerudi kuchungulia mirija ya hewa ya funza.

Swali, basi, ni hili: katika mwili wa nzi, ni alama gani ya kuaminiwa, na ni ipi inayovutia jicho tu?

Ukubwa na rangi

Alama mbili ambazo kila mtu huanza nazo ndizo mbovu kuliko zote.

Ukubwa kwanza. Nzi akishatoka kwenye pupa, yaani gamba ambamo funza hugeuka kuwa nzi, hakui tena. Nzi mdogo unayemwona dirishani si mtoto wa yule mkubwa; ama ni spishi nyingine, ama ni nzi wa spishi ileile aliyekosa chakula akiwa funza. Funza waliobanana kwenye kipande kidogo cha nyama hutoa nzi vibete, wakamilifu kwa kila kitu isipokuwa kimo. Ndiyo maana kipimo cha milimita peke yake hakina maana kubwa, ila pale tofauti inapokuwa ya kupindukia.

Rangi ina matatizo zaidi. Nzi aliyetoka kwenye pupa muda mfupi uliopita huwa amepauka na ni laini, na rangi zake halisi hazijakaa. Nzi wa kijani wa jenasi Lucilia, kadiri anavyozeeka, kijani chake huweza kugeuka kuwa cha shaba. Drosophila suzukii, yule nzi mdogo anayeharibu matunda laini, ana umbo la msimu wa baridi ambalo ni jeusi na kubwa kuliko la kiangazi, na ni spishi ileile. Halafu kuna spiriti. Wengi huhifadhi nzi ndani ya spiriti, na humo vumbi laini linalofunika mwili, lile linalochora milia na mabaka ya fedha, halionekani kabisa. Mkaushe nzi huyo taratibu, na milia itarudi.

Hata akiwa mkavu, milia ya vumbi inategemea mwanga. Mzungushe nzi mwenye mabaka ya kijivu chini ya taa na utaona baka jeusi likigeuka jeupe na jeupe likigeuka jeusi. Vitabu vya utambuzi vinaposema mtazame kutoka nyuma, si mapambo ya lugha. Milia inayohesabika ukimtazama kutoka nyuma inaweza kupotea ukimtazama kutoka juu.

Kuna kosa jingine la kawaida linalozaa spishi zisizokuwepo: kutofautisha dume na jike na kudhani umetofautisha spishi mbili. Katika familia nyingi za nzi, macho ya dume hukutana au hukaribiana sana juu ya kichwa, ilhali ya jike huachwa mbali na paji pana. Tofauti hiyo inaonekana waziwazi kuliko karibu kila kitu kingine kwenye kichwa cha nzi, kwa hiyo anayeanza huikimbilia. Kabla ya kuuliza huyu ni spishi gani, uliza kwanza ni dume au jike, kwa sababu baadhi ya alama zitakazofuata zinafanya kazi kwa jinsia moja tu.

Ramani iliyo kwenye bawa

Mishipa ya bawa haipauki, haibadiliki na umri, na haijali kama funza alishiba au alishinda njaa. Kama ningelazimika kuchagua sehemu moja tu ya kumfundisha mtu, ningemfundisha bawa.

Chukua nzi wanaoingia ndani ya nyumba. Nzi wa nyumbani wa kawaida, Musca domestica, ana mshipa mmoja mrefu katikati ya bawa ambao, ukikaribia ukingo, unapinda ghafla kwenda juu kwa pembe kali hadi kukaribia kugusa mshipa ulio mbele yake. Pembe hiyo inaonekana hata kwa lenzi ya mkono. Nzi mwenye umbo dogo na jembamba anayezunguka hewani katikati ya chumba bila kutua, kwa kawaida dume wa Fannia canicularis, ana mshipa huohuo ulionyooka moja kwa moja hadi ukingoni. Kati yao wapo Muscina stabulans na Stomoxys calcitrans, ambao mshipa wao umepinda kidogo tu, kwa ulaini.

Hawa wawili wa mwisho sasa watenganishe kwa mdomo. Stomoxys anauma, na mdomo wake ni mgumu, mwembamba, umetokeza mbele ya kichwa. Ukimtazama kwa ubavu huwezi kuukosa. Muscina ana mdomo laini wa kulamba, na nyuma ya kifua chake, kwenye ile pembetatu inayofunika mwanzo wa tumbo, ncha ina rangi nyekundu-chungwa. Mtu anayesema ameumwa na nzi wa nyumbani karibu kila mara ameumwa na Stomoxys. Musca domestica hana mdomo wa kuuma.

Lakini bawa halimalizi kila kitu. Musca sorbens ana pembe ileile ya bawa kama ya domestica, na huyu inabidi kumhesabia milia ya kifua: domestica ana milia minne myembamba myeusi, sorbens ana miwili mipana. Tofauti hiyo ndogo inaamua kazi ya watu wa afya. Sorbens ndiye anayependa kutua machoni mwa watoto na kuhusishwa na kueneza ugonjwa wa macho wa trakoma, na mahali anapopenda kutaga ni kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Domestica hutaga kwenye takataka na samadi za kila aina. Ukihesabu nzi wote kwenye mtego kama "nzi wa nyumbani", hutajua kama vyoo vilivyojengwa vimepunguza nzi anayehusika au la.

Nywele zinazohesabika

Baada ya bawa huja nywele. Nzi si mnyama mwenye manyoya ovyo. Nywele zake ngumu zimepangwa kwa safu, kila moja mahali pake, na idadi yake katika spishi nyingi haibadilikibadiliki. Aliyezipa mpangilio huo majina na kuufanya somo ni Carl Robert Osten-Sacken, mwanadiplomasia wa Urusi aliyewahi kuwa konseli New York, katika andiko lake la mwaka 1881. Majina mengi ya nywele za nzi tunayotumia hadi sasa yanatokana na mfumo wake.

Uzuri wa nywele ngumu ni kwamba hata ikikatika huacha ushahidi. Kila moja imeota kwenye kitundu chenye ukingo wa mviringo, na kitundu hakiondoki. Nzi aliyekwaruzwa na wavu au kusugulika mtegoni bado anahesabika, mradi uhesabu vitundu badala ya nywele zilizobaki. Kwa sababu hiyo pia wanaochoma nzi pini huichoma upande wa kulia wa mstari wa katikati ya kifua, ili upande wa kushoto ubaki mzima.

Safu moja ya nywele inaweza kukutoa kwenye familia moja hadi nyingine. Tazama ubavuni mwa kifua, chini kidogo ya tundu la hewa la nyuma, juu ya mguu wa mwisho. Nzi wa mizoga wa familia ya Calliphoridae wana safu ya nywele ngumu hapo, zimesimama wima. Nzi wa nyumbani na ndugu zake wa familia ya Muscidae hawana. Nzi wa mizoga aliyefifia rangi, ambaye kwa mbali ungemwita nzi wa nyumbani, anajulikana hapohapo.

Sasa mtazame kwa karibu nzi mkubwa wa bluu. Katika nchi zenye baridi wapo wawili wanaochanganywa kila siku, Calliphora vicina na Calliphora vomitoria. Tumbo la bluu linalong'aa halisaidii, wote wanalo. Mgeuze kichwa kwa ubavu na utazame shavu, yaani sehemu iliyo chini ya jicho. Vicina ana shavu la rangi ya chungwa mbele, na vinyweleo vyake ni vyeusi. Vomitoria ni kinyume chake: shavu jeusi, vinyweleo vya rangi ya chungwa-dhahabu, vingi na virefu. Kisha hakikisha kwenye shina la bawa, ambapo kuna kigamba kidogo sana: cha vicina ni cha manjano, cha vomitoria ni cheusi. Alama mbili zisizotegemeana zikikubaliana, unaweza kuandika jina. Zikipingana, usiandike; mrudishe chini ya hadubini.

Nzi wa kijani wanahitaji subira zaidi. Lucilia sericata na Lucilia cuprina wana kigamba cha rangi hafifu wote wawili, kwa hiyo kigamba kinawatoa tu kwenye kundi la akina Lucilia caesar, ambao chao ni cheusi. Kuwatenganisha wao kwa wao unakwenda kisogoni. Mwinamishe nzi ili uone nyuma ya kichwa, eneo la katikati, juu. Sericata ana vinywele sita hadi vinane kila upande wa eneo hilo. Cuprina ana kimoja. Ongeza paja la mguu wa mbele: la cuprina lina mng'ao wa kijani, la sericata ni jeusi au bluu iliyokolea. Tatizo ni kwamba kichwa cha nzi aliyekaushwa vibaya hulala juu ya kifua na kisogo kikajificha, na hapo hutaona kitu mpaka umlainishe kwa unyevu na kukiinua kichwa kwa sindano.

Na kwa nini mtu ajisumbue na kisogo cha nzi? Cuprina ndiye adui mkubwa wa kondoo wa Australia, ambako funza wake huwala kondoo wakiwa hai. Sericata ndiye anayefugwa kwenye maabara ili funza wake wasafishe vidonda vya watu, kwani wanakula nyama iliyokufa na kuiacha nzima. Lakini usimfanye sericata mtakatifu: Uingereza na Ulaya ya kaskazini ni yeye anayewashambulia kondoo. Isitoshe, hawa wawili huweza kupandana, na machotara wamethibitishwa kwa vinasaba. Chotara hana wajibu wa kufuata kitabu chako.

Wakati mwingine yote yanategemea unywele mmoja. Chrysomya rufifacies kwa kawaida ana unywele mgumu mmoja kando ya tundu la hewa la mbele la kifua. Chrysomya albiceps kwa kawaida hana. Neno la kushika hapo ni "kwa kawaida". Alama ya namna hii inafaa kwa nzi hamsini waliokamatwa mahali pamoja, ambapo unaona wengi wanaelekea wapi. Kwa nzi mmoja aliye peke yake ni alama dhaifu, na anayetoa hukumu juu yake peke yake anabahatisha.

Nyayo za mbung'o

Mbung'o, yaani jenasi Glossina, ana bahati ya kutambulika kirahisi kama jenasi. Mdomo umenyooka mbele, mabawa hulaliana kabisa mgongoni anapotulia, na katikati ya bawa mishipa inazungushia eneo lenye umbo la shoka ambalo nzi wengine hawana. Ukiliona shoka hilo, jenasi umeipata hata kama umebakiwa na bawa tu. Kazi inaanza baada ya hapo, kwa sababu jenasi imegawanyika katika makundi matatu, na spishi ndani ya kila kundi zinafanana.

Tazama wayo wa mguu wa nyuma kwa upande wa juu. Wayo una vipingili vitano. Kundi la palpalis, linalokaa kando ya mito na maziwa, lina vipingili vyote vyeusi. Kundi la morsitans, la mbugani na vichakani, lina viwili vya mwisho tu vyeusi. Kundi la fusca, la misituni, ni la mbung'o wakubwa, na hapo ukubwa kwa mara moja una maana. Alama ya wayo inafaa sana kwa sababu inamtega hata Glossina tachinoides: tumbo lake lenye mistari iliyo wazi linamfanya aonekane wa morsitans, lakini nyayo zake nyeusi zinamrudisha kwenye palpalis anakostahili.

Ndani ya kundi la morsitans unaendelea na miguu ya mbele na ya kati. Vipingili viwili vya mwisho vya nyayo hizo kwa Glossina pallidipes havina ncha nyeusi; kwa Glossina morsitans ncha hizo zimo, zimejitokeza wazi. Anayepanga mahali pa kuweka mitego hawezi kuruka hatua hii. Mtego uliowekwa kando ya mto kwa ajili ya nzi wa palpalis hautasaidia kitu ikiwa anayeuma ng'ombe ni morsitans wa vichakani.

Pale inapobidi kufungua tumbo

Zipo spishi ambazo zimefanana kila mahali isipokuwa mahali pamoja: viungo vya uzazi vya dume. Mfano maarufu ni Drosophila melanogaster, mdudu aliyechunguzwa maabara kuliko karibu wote, na ndugu yake Drosophila simulans. Alfred Sturtevant ndiye aliyemtenga simulans mwaka 1919, baada ya kuona kwamba wakipandanishwa watoto wao ni tasa. Majike yao karibu hayatenganishiki. Kwa dume, pande mbili za ncha ya tumbo kuna kipande kigumu kinachotokeza: kwa melanogaster ni chembamba na kidogo, kwa simulans ni kipana cha nusu duara. Ukishakiona mara moja hukisahau. Nzi wa nyama wa jenasi Sarcophaga, wale wa kijivu wenye milia mitatu kifuani na tumbo la miraba, wanategemea viungo hivyo zaidi. Spishi ni nyingi, mwili ni uleule, ila kiungo cha dume kina mikunjo na ndoano ambazo kila spishi inazo za kwake.

Kwa nini viungo hivyo vibadilike haraka kuliko vingine? Léon Dufour alipendekeza mwaka 1844 kwamba kiungo cha dume ni ufunguo na cha jike ni kufuli, ili spishi zisichanganyike. Maelezo hayo yanapendeza mno kiasi kwamba yalikubaliwa kwa muda mrefu bila kuulizwa sana. Siku hizi wengi wanaona sababu kubwa zaidi ni ushindani wa uzazi wenyewe: jike hupandana na madume kadhaa, na dume ambaye kiungo chake kinafanikisha mbegu zake anaacha watoto wengi zaidi, kwa hiyo umbo linasukumwa upande huu au ule katika kila ukoo. Kwa anayetambua spishi matokeo ni mamoja.

Kazi yenyewe haina fahari. Ncha ya tumbo hukatwa, ikalowekwa kwenye haidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 10 usiku kucha, au ikapashwa moto humo kwa dakika chache, mpaka nyama iyeyuke na magamba magumu yabaki. Huoshwa, ukali wa haidroksaidi ukatulizwa kwa siki, kisha ikatazamwa ndani ya tone la gliserini ambapo unaweza kuigeuza upande wowote kwa sindano. Ikiisha, ncha hiyo huwekwa kwenye kichupa kidogo kilichochomwa kwenye pini ileile ya nzi wake. Ukizitenganisha, umeharibu vyote viwili.

Alama zinapokwisha

Mwaka 2003 nzi wa matunda mgeni aligunduliwa Kenya, na kwa miaka michache akawa ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 2005 akaelezwa kama spishi mpya, Bactrocera invadens. Rangi ya kifua chake ilikuwa ikibadilika mno, kutoka nyekundu-kahawia hadi nyeusi, na hilo lingekuwa dalili ya kumshuku mapema. Alilinganishwa na Bactrocera dorsalis wa Asia kwa vipimo vya bawa, kwa vinasaba, kwa harufu ya kuvutana, na kwa kuwapandanisha. Walipandana bila shida na watoto wao walizaa. Mwaka 2015 jina invadens likafutwa, pamoja na jina Bactrocera papayae, na wote wakarudishwa ndani ya dorsalis. Bactrocera carambolae, aliyedhaniwa kuwa katika hali hiyohiyo, alibaki spishi yake. Nchi zilizokuwa zikizuiliana matunda kwa kuogopa spishi ya jirani zikajikuta zote zina nzi mmoja.

Mwaka uliofuata likatokea la kinyume. Ceratitis rosa, mharibifu wa matunda wa Afrika aliyejulikana zamani, aligawanywa: Marc De Meyer, Maulid Mwatawala na Massimiliano Virgilio wakamtenga Ceratitis quilicii, hasa kwa umbo na rangi ya muundi wa mguu wa kati wa dume. Walikwisha kushukiwa kuwa wawili kwa sababu mmoja anastahimili baridi ya nyanda za juu kuliko mwingine. Kazi hizi mbili zilitumia vifaa vilevile, na katika zote mbili swali lilikuwa kama tofauti iliyoonekana inazidi tofauti iliyomo ndani ya kila upande. Anayepima nzi watano kutoka kila nchi atapata spishi mbili. Anayepima mia tano kutoka njia yote kati ya nchi hizo anaweza kukuta hakuna mpaka.

Na kuna mahali ambapo umbo husema kidogo sana. Usubi wanaoeneza upofu wa mtoni, waitwao kwa jumla Simulium damnosum, ni kundi la spishi nyingi zinazotenganishwa kwa kusoma mistari ya kromosomu kubwa za tezi za mate za buu wao. Mpango wa kudhibiti ugonjwa huo Afrika Magharibi, uliodumu kuanzia 1974 hadi 2002, ulilazimika kujua ni wa savana au wa msituni, kwa kuwa ndugu wa savana ndio waliohusika na aina ya ugonjwa inayopofusha zaidi. Mkono wenye lenzi haukutosha hapo.

Usidhani vinasaba vimemaliza kazi. Kipande cha jeni kinachotumika sana kama alama ya utambuzi kina herufi zipatazo 650 na kwa wadudu wengi kinafaa. Lakini kwa nzi wa jenasi Protocalliphora, ambao funza wao hunyonya damu ya makinda ya ndege, utafiti wa 2007 ulikuta kipande hicho kinashindwa kutambua takribani asilimia 60 ya spishi. Bakteria aitwaye Wolbachia, anayeishi ndani ya nzi na kurithishwa kutoka kwa mama, ndiye anayeshukiwa kuhamisha mfuatano huo kutoka spishi moja hadi nyingine wanapochanganyika. Hapo kutazama umbo la mwili kulitoa jibu bora kuliko kipande hicho.

Kwa anayepiga picha akitumaini mtu atamtambulia nzi wake, picha moja ya mgongo haitoshi. Piga uso kwa mbele ili macho na paji vionekane, kichwa kwa ubavu ili shavu na mdomo vionekane, kifua kutoka nyuma, bawa likiwa limetandazwa, na miguu hadi kwenye nyayo. Na lebo isizidi ulichokiona. Jike la Sarcophaga lililokamatwa peke yake linaandikwa Sarcophaga sp. (yaani spishi haijajulikana), mahali, tarehe na aliyelikamata. Usubi aliyetazamwa kwa macho anaandikwa Simulium damnosum s.l., herufi mbili za mwisho zikimaanisha kundi zima, na mwenye kifaa bora atakayemfungua baadaye ndiye atakayeongeza kilichobaki.